Kijiko, Ndege Mwizi na Mtumishi wa Ndani: Santuri ya Rossini ya Kusikiliza na Watoto

Mwezi Novemba mwaka 1958, wanamuziki wa Chicago Symphony Orchestra waliketi katika ukumbi wao wa Orchestra Hall mjini Chicago, wakarekodi vipande sita vya utangulizi wa opera za Mtaliano Gioachino Rossini. Aliyewaongoza ni Fritz Reiner, mzaliwa wa Budapest, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 69. Kampuni iliyorekodi ni RCA. Santuri hiyo imetolewa tena na tena tangu wakati huo, kwanza kwa sahani nyeusi, baadaye kwa CD, na leo unaipata kwenye simu yako kwa kuandika majina mawili tu: Reiner, Rossini. Yote haifiki dakika 50.

Najua wengi wetu tukisikia neno opera tunabadilisha stesheni. Tunaona ni mambo ya watu wenye pesa, ya mama mnene anayepiga kelele kwa lugha isiyoeleweka. Lakini watoto wetu tunaowalea huku ugenini wanarudi kutoka shule wakiwa na fidla au filimbi mgongoni, na mwalimu amewaambia wasikilize okestra nyumbani. Mzazi afanye nini? Wengine tunawaachia wenyewe chumbani na spika za masikioni. Mimi napendekeza tukae nao sebuleni tusikilize pamoja, na santuri hii ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Haina kuimba hata neno moja. Vipande ni vifupi. Na nyuma ya kila kipande ipo hadithi ambayo sisi watu wa kazi za watu tunaielewa vizuri sana.

Utangulizi ni kama bashraf

Zamani katika majumba ya opera ya Italia watu hawakukaa kimya kama msikitini au kanisani. Walikuwa wakila, wakisalimiana, wakicheza karata kwenye vibanda vyao vya juu. Ndiyo maana kabla ya pazia kufunguliwa okestra ilipiga kipande kimoja peke yake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu: kaeni, tunaanza.

Waliokulia Unguja watanielewa haraka zaidi. Katika taarab ya asili, ile ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, usiku hufunguliwa kwa bashraf. Hakuna mwimbaji. Fidla, ganuni, udi, selo na ngoma zinapiga peke yao, watu wanakaa sawa, masikio yanafunguka, halafu ndipo nyimbo zinaanza. Utangulizi wa Rossini unafanya kazi ileile.

Tena wana ndugu mmoja wa mbali. Bashraf imetujia kutoka kwa Waturuki kwa kupitia Misri. Na yale matoazi na ngoma kubwa unazozisikia kwenye okestra ya Rossini yaliingia Ulaya kutoka kwenye bendi za majeshi ya Kituruki. Kwa hiyo mtoto akikuuliza muziki huu unatuhusu nini, una la kumjibu: ngoma zake na bashraf yetu vimepita kwenye mlango mmoja.

Mtoto aliyelelewa na bibi

Rossini alizaliwa tarehe 29 Februari 1792 katika mji wa Pesaro, kwenye pwani ya mashariki ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mpiga tarumbeta na baragumu. Mama yake, Anna, binti wa muoka mikate, alikuwa na sauti nzuri akaanza kuimba kwenye majumba ya opera. Wazazi walizunguka mji hadi mji kutafuta kazi, na mtoto akabaki Pesaro kwa bibi yake. Baba aliwahi hata kufungwa kwa sababu ya siasa, kwa kuwa aliwaunga mkono Wafaransa walipoingia Italia.

Sihitaji kueleza zaidi kwa wasomaji wa gazeti hili. Wangapi wetu tuna mtoto aliyebaki Tanga, Mombasa au Bukavu kwa bibi, tukisubiri makaratasi? Rossini aliyajua hayo tangu utotoni. Alipokuwa mkubwa aliendelea kumwandikia mama yake baada ya kila opera mpya. Inasimuliwa kwamba opera ikianguka hakujisumbua kwa maneno mengi, alimchorea tu chupa, kwa sababu kwa Kiitaliano neno fiasco ni chupa na pia ni kushindwa. Chupa ndogo kwa kushindwa kidogo, chupa kubwa kwa aibu kubwa.

Kati ya mwaka 1810 na 1829 alitunga opera 39. Halafu, akiwa na miaka 37 tu, tajiri na maarufu kuliko mtunzi yeyote Ulaya, aliacha kabisa kutunga opera, akaishi karibu miaka 40 zaidi. Watu wamebishana kwa nini. Mimi kama muuguzi naangalia faili la mgonjwa kwanza.

Jina ambalo wauguzi wanalijua

Wauguzi wenzangu mnaijua katheta ya Nélaton. Ni ule mpira laini na mwembamba wa kutolea mkojo, usio na puto, unaoingizwa na kutolewa. Nimeutumia tangu nikisomea stashahada nyumbani, na nikaukuta tena nilipokuja kumalizia shahada huku Uingereza. Sikujua kwamba Auguste Nélaton alikuwa daktari mpasuaji wa Paris, na kwamba mmoja wa wagonjwa wake wa mwisho mashuhuri alikuwa Rossini huyuhuyu.

Rossini alipata maradhi ya njia ya mkojo tangu ujana, yakamtesa kwa miaka mingi. Juu ya hayo aliingiwa na sonona kali. Katika miaka ya 1850, akiwa Florence, alikuwa hali, halali, wala hataki hata kusikia muziki. Aliyemuuguza ni Olympe Pélissier, mwanamke wa Kifaransa ambaye alikuja kuwa mke wake mwaka 1846. Mwaka 1855 alimrudisha Paris kutafuta matibabu, na huko mzee akainuka. Akaanza tena kutunga vipande vidogo vya piano, akakaribisha watu nyumbani kila Jumamosi jioni, akapika, akacheka. Mtu akisema Rossini alikuwa mvivu aliyependa chakula tu, mkumbushe miaka hiyo.

Mwaka 1868 alionekana ana saratani ya utumbo wa chini. Nélaton alimpasua. Kidonda kikaingia maambukizi, na Rossini akafariki tarehe 13 Novemba akiwa na miaka 76. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amechapisha maandishi yake juu ya kusafisha vidonda na vifaa kwa dawa ya kuua vijidudu, lakini habari hizo zilikuwa bado hazijakubaliwa hospitalini. Kila nikinawa mikono kabla ya kufunga kidonda nakumbuka kwamba hata mtu aliyekuwa na daktari bora wa Paris hakuwa na kitu hiki cha bure tulicho nacho sisi.

Haba na haba

Sasa turudi kwenye muziki. Kuna mbinu moja ya Rossini ambayo ukiifahamu utafurahia santuri nzima. Anachukua kipande kifupi cha sauti, mara nyingi hakina hata uzuri mkubwa, na kukipiga kwa upole sana kwenye fidla. Anakirudia. Mara ya pili anaongeza filimbi. Mara ya tatu zinaingia baragumu. Mara ya nne tarumbeta, halafu ngoma, halafu matoazi, mpaka chumba kizima kinatetemeka na watoto wanaruka kwenye kochi. Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo siri, na Wataliano wa wakati wake walimtania kwa kumwita Bwana Crescendo, yaani bwana wa kupandisha sauti.

Kwenye santuri hii msikilize Reiner anafanya nini wakati sauti inapanda. Hakimbilii. Waongozaji wengi, muziki ukipanda, nao wanaongeza mwendo, kama dereva wa daladala aliyeona abiria mbele. Reiner anaacha sauti ikue lakini mapigo yanabaki palepale. Jaribu kugonga meza kwa kidole tangu kupanda kunapoanza hadi mwisho, utaona kidole chako hakiachwi nyuma. Kwa sababu hiyo nguvu inakuwa kubwa zaidi: unaona kitu kizito kinakuja bila haraka, na huwezi kukizuia.

Reiner alijulikana kwa kuongoza kwa mwendo mdogo sana wa mkono. Fimbo yake ilisogea kidogo tu, na wanamuziki walilazimika kukaza macho. Alikuwa mkali, wengi walimwogopa. Naye alikuwa mhamiaji kama sisi. Alisomea Budapest, akaingia Marekani mwaka 1922 kuongoza okestra ya Cincinnati, akapita Pittsburgh na Metropolitan Opera ya New York, na mwaka 1953 akapewa Chicago. Hebu fikiria: nyimbo za Mtaliano aliyehamia Paris, zinaongozwa na mtu wa Hungaria, zinapigwa na watu wa Chicago ambao wengi walikuwa watoto wa wahamiaji. Kama kuna mtu atakuambia kwamba muziki ni wa mwenye nchi tu, mpe santuri hii.

Vipande sita, kimoja kimoja

La scala di seta, yaani Ngazi ya Hariri, ni ya mwaka 1812, Venice. Rossini alikuwa na miaka 20. Hadithi ni ya msichana aliyefunga ndoa kwa siri, na kila usiku anamteremshia mume wake ngazi ya kitambaa cha hariri apande kupitia dirishani. Hapa sikilizeni chombo kinachoitwa obo. Ni ndugu wa zumari yetu, kwani vyote viwili vinapulizwa kwa ulimi wa tete mbili. Obo inakimbia juu na chini kama mtu anayepanda ngazi hiyo kwa haraka asionekane. Mpiga obo mkuu wa Chicago kuanzia mwaka 1954 alikuwa Ray Still, na wapiga obo mpaka leo wanalitaja jina lake kwa heshima.

Il signor Bruschino ni ya Januari 1813. Watoto wataipenda mara moja, kwa kuwa Rossini aliwaambia wapiga fidla wa pili wagonge upinde wao: tak, tak, tak, tak. Wakati ule jambo hilo lilikuwa utundu mkubwa. Mwambie mtoto anyanyue mkono kila akisikia wanagonga. Hatachoka.

Il barbiere di Siviglia, Kinyozi wa Seville, ni ya mwaka 1816. Huyu kinyozi ndiye mshenga, mpatanishi na mjanja wa mtaa, kama vinyozi wote tunaowajua. Usiku wa kwanza, tarehe 20 Februari mjini Roma, watu walizomea vibaya sana. Usiku wa pili wakashangilia. Lakini jambo la kushangaza ni hili: utangulizi wake haukutungwa kwa ajili ya kinyozi. Rossini aliutumia kwanza mwaka 1813 kwa opera ya vita na wafalme iitwayo Aureliano in Palmira, akautumia tena mwaka 1815 kwa opera ya Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mara ya tatu ndipo ukamfaa kinyozi, na tangu hapo watu wanaapa kwamba wanasikia ndani yake wembe na sabuni. Fundi aliyekuwa na haraka alitumia kitambaa alichokuwa nacho, na shati likatoka zuri kuliko yote. Watoto waliotazama katuni ya Bugs Bunny ya mwaka 1950 akiwa kinyozi wameshausikia wote bila kujua.

La Cenerentola ni ya Januari 1817, Roma. Ni hadithi ya yule msichana wa jikoni anayeteswa na ndugu wa kambo, lakini Rossini ameibadilisha. Mtesaji ni baba wa kambo, si mama. Hakuna kiatu, ipo bangili. Mwisho wake msichana anapata uwezo wa kulipiza kisasi, naye anasamehe. Utangulizi nao uliazimwa kutoka opera yake nyingine, La gazzetta ya mwaka 1816.

Guillaume Tell ni ya mwaka 1829, Paris, na ndiyo opera yake ya mwisho. Ni hadithi ya mkulima wa Uswisi anayelazimishwa na mtawala dhalimu kulenga kwa mshale tufaha lililowekwa juu ya kichwa cha mwanawe. Utangulizi wake una sehemu nne na unachukua kama dakika 12. Unaanza na selo tano, taratibu kama mtu anayesali alfajiri. Halafu inakuja dhoruba. Baada ya mvua, obo yenye sauti nzito na filimbi wanaitikiana kama wachungaji wawili kwenye vilima. Mwisho tarumbeta zinalia na okestra nzima inatoka mbio. Hiyo sehemu ya mwisho mnaijua, ilikuwa wimbo wa The Lone Ranger redioni na kwenye televisheni, na watoto wote wanaifanya farasi. Kwa mpiga tarumbeta mkuu wa Chicago, Adolph Herseth, aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu mwaka 1948, ile ilikuwa kazi ya kawaida ya siku. Kwetu sisi ni kitu cha kutuamsha kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri baada ya zamu ya usiku.

Kijiko kilichopotea

Kipande cha sita nimekiweka mwisho kwa makusudi. La gazza ladra ni ya mwaka 1817, Milan. Gazza ni ndege wa Ulaya mwenye rangi nyeusi na nyeupe, wa ukoo wa kunguru, na anasifika kwa kuiba vitu vinavyong'aa. Tuseme basi, Kunguru Mwizi.

Inaanza kwa mrindimo wa ngoma ndogo za kijeshi, hakuna kingine. Wakati ule ngoma hizo zilikuwa za barabarani na za viwanja vya jeshi, na wapo waliokasirika kuzisikia katika okestra. Baada ya mrindimo linakuja gwaride la fahari. Mtu asiyejua hadithi anadhani ni sherehe. Lakini katika opera hiyo askari wanampeleka msichana kunyongwa.

Msichana anaitwa Ninetta. Ni mtumishi wa ndani. Katika nyumba anayofanyia kazi umepotea uma wa fedha, halafu kijiko cha fedha. Siku hiyohiyo baba yake, askari aliyetoroka jeshini na anayetafutwa, amekuja kwa siri na kumpa kijiko na uma wa kwao auze apate hela za kujificha. Ninetta anauza kwa mchuuzi. Herufi za jina zilizochorwa juu yake zinafanana na za bwana mwenye nyumba. Hela zinakutwa mfukoni mwake. Hakimu wa mji, ambaye alikuwa amemtaka Ninetta akamkatalia, anashika kesi kwa mikono miwili. Ninetta akisema ukweli, baba yake atauawa. Anakaa kimya. Anahukumiwa kifo. Wakati anapelekwa, kijana mmoja anamwona yule ndege akichukua sarafu, anamfuata mpaka kwenye mnara wa kengele, na huko anakuta kijiko na uma.

Opera hii ilitokana na mchezo wa kuigiza uliochezwa Paris mwaka 1815, na watazamaji hawakuona kifo kwa ajili ya kijiko kuwa jambo la kubuni. Katika sheria za zamani za Ufaransa, mtumishi aliyeiba nyumbani kwa bwana wake aliweza kuuawa.

Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani katika nchi moja ya Ghuba kwa miaka minne. Mwaka wa tatu ikapotea bangili ya dhahabu. Kabla ya mtu yeyote kutazama chini ya kitanda, begi lake lilimwagwa sakafuni mbele ya watoto aliowalea. Pasipoti yake walikuwa nayo wao. Mshahara wa mwezi ule ukazuiwa. Siku tisa baadaye bangili ilikutwa kwenye mfuko wa koti la mtoto mdogo, aliyekuwa akiichezea. Mshahara akarudishiwa, akapewa na kitambaa cha gauni. Hakuna aliyemwambia samahani. Aliponisimulia hakulia kwa ajili ya mshahara. Alisema kilichomuuma ni kwamba wakati begi linamwagwa, yule mtoto mkubwa aliyekuwa akimwita mama alisogea nyuma, akasimama upande wa wenzake.

Nilimwekea utangulizi huu kwenye simu alipokuja kututembelea, nikamweleza hadithi kwanza. Zile ngoma zilipoanza aliniambia, "Hizo ndizo hatua za mtu anayekuja kufungua begi." Mimi nimesoma maelezo mengi ya wataalamu juu ya kipande hiki, na sijaona lililo sahihi kuliko hilo.

Wahenga walisema mnyonge hana haki, na walisema kwa kusikitika, si kwa kuamuru. Naandika hivi kwa sababu gazeti hili linasomwa na pande zote mbili. Wapo dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu Muscat, Dubai na London. Wapo pia kaka na dada zetu waliofanikiwa, wenye wasichana wa kazi nyumbani kwao Dar es Salaam na Nairobi, wanaowasimamia kwa kamera na kwa WhatsApp. Kitu kikipotea, tutafute kwanza. Tuulize kila mtu wa nyumba, na watoto wetu wakiwemo, si mmoja tu. Tusimpekue mtu mbele ya watoto. Na tukikosea, tuseme samahani kwa mdomo, mbele ya walewale waliosikia tuhuma. Kitambaa cha gauni hakitoshi.

Kasoro zake

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Rekodi ni ya mwaka 1958 na kwenye sehemu za kimya kuna mvumo mdogo wa kanda. Okestra ya Chicago ni kubwa kuliko zile ndogo za Venice alizokuwa nazo Rossini, na wapo wanaosema Reiner ni mkali mno, hatabasamu vya kutosha. Kwenye Bruschino nakubaliana nao kidogo. Pia vipande viwili maarufu havimo: L'italiana in Algeri na Semiramide. Anayetaka vyote atafute mkusanyiko wa Neville Marriner na okestra ya Academy of St Martin in the Fields ya London, uliorekodiwa miaka ya 1970. Ni nyepesi zaidi na ina tabasamu. Lakini kwa kupanda kwa sauti na kwa zile ngoma za Kunguru Mwizi, mimi narudi Chicago.

Wasomaji wa Oman mna bahati ya ziada. Royal Opera House ya Muscat ilifunguliwa mwaka 2011 na huleta opera za Kitaliano. Angalieni ratiba yao. Mkiwa mmeshazoea utangulizi nyumbani, kukaa opera nzima hakutakuwa kugumu.

Namna ya kusikiliza nyumbani

Usiweke vyote sita kwa mpigo. Kimoja kwa jioni kinatosha, baada ya chakula, kabla ya watoto kwenda kulala. Simulia hadithi kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe, halafu weka muziki. Usitumie spika ya simu, kwa kuwa sehemu za kimya zitapotea na kupanda kwa sauti hakutakuwa na maana. Hata spika ndogo ya bei rahisi ni afadhali.

Anza na Bruschino kwa ajili ya kugonga. Siku ya pili weka kinyozi, siku ya tatu Guillaume Tell, na waache wakimbie sebuleni wakati wa farasi. La gazza ladra iweke siku ambayo wakubwa wapo pia. Ukimaliza, waulize watoto swali moja: kama kijiko kimepotea hapa kwetu leo, tungemtazama nani kwanza? Kisha nyamaza, usikilize watakavyojibu.